KAZI HAIPATIKANI KWA AMRI: MAFUNDISHO YA MAPATANO YA 1964

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi. Tunaipiga chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao zamu zao za kazi ziliwazuia kufika mkutanoni.)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya ukosefu wa kazi, na juu ya fedha ambazo serikali hutumia kuwatunza wasio na riziki. Jambo hili si geni kwetu. Katika kila nyumba ya mfanya kazi limo. Mtu mmoja akipata mshahara, nyuma yake yuko mdogo wake aliyemaliza shule na hana kazi, yuko mama mzee nyumbani, wako na watoto wa ndugu aliyefariki. Mshahara huo mmoja ndio hospitali yao, ndio karo yao, ndio pensheni yao. Basi mtu asije akatuambia kwamba chama cha wafanya kazi hakihusiki na wasio na kazi. Tunahusika nao kila mwisho wa mwezi.

Hata hivyo yako maneno ambayo tumeyasikia kwa muda mrefu. Husemwa kwamba sisi wenye mishahara ni wachache tuliobahatika, na kwamba tukinyamaza tusidai nyongeza, matajiri watapata nafasi ya kuwaandika wengine. Husemwa pia kwamba tukikubali kukatwa kidogo, serikali itapata fedha za kuanzisha kazi. Ndugu zangu, maneno haya yamekwisha kujaribiwa katika nchi hii, tena kwa mkataba uliotiwa sahihi. Kabla hatujaulizwa tena kutoa kitu, ni wajibu wetu kujua tulipotoa zamani tulipata nini.

MAPATANO YA PANDE TATU

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Mwezi wa Februari 1964, Mzee Kenyatta akiwa bado Waziri Mkuu, serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walikaa meza moja wakafanya mapatano. Serikali iliahidi kuongeza watu wake wa kazi kwa asilimia 15. Waajiri wengine waliahidi kuongeza kwa asilimia 10. Wafanya kazi, kwa upande wao, waliahidi kwamba kwa muda wa miezi 12 hawatadai nyongeza ya mshahara wala hawatagoma.

Wasio na kazi wakaitwa waje waandikishe majina. Wakaja zaidi ya 200,000. Watu walipanga milolongo mjini na wilayani, kwa kuwa waliamini kwamba uhuru sasa umefika kwenye sufuria.

Ni lazima tuseme kweli: wako watu walioandikwa kazi kwa ajili ya mapatano yale, na watoto wao wakaenda shule. Hilo hatulidharau. Walakini wengi wa wale waliojiandikisha hawakupata kitu, na faida iliyopatikana haikudumu. Yako mambo matatu yaliyoiharibu, na kila mjumbe afadhali ayashike moyoni.

La kwanza, tajiri aliongeza watu kwa sababu ya mapatano, wala si kwa sababu ya kazi. Kiwanda cha mashati hakiuzi mashati mengi zaidi kwa kuwa kimeandika mafundi kumi zaidi. Kama watu hawana fedha za kununua mashati, wale kumi ni mzigo kwa mwenye kiwanda, naye atautua akipata nafasi. Njia ya kuutua ni rahisi, haina haja hata ya kumfukuza mtu. Mmoja akistaafu, hawekwi mwingine. Mmoja akirudi shambani, pengo linaachwa wazi. Baada ya muda si mrefu hesabu inarudi pale ilipokuwa, na hakuna mtu aliyevunja mkataba.

La pili, habari ya kazi ilipoenea, watu walitoka mashambani kuja kuitafuta. Kijana aliyekuwa akilima na baba yake alisikia kwamba mjini wanaandika watu, akafunga virago. Kwa kila nafasi iliyopatikana walikuja watu kadhaa kuigombea. Wataalamu wawili wa uchumi, John Harris na Michael Todaro, walioichunguza hali ya Kenya, walieleza jambo hili katika maandiko yao ya mwaka 1970: kuongeza nafasi mjini bila ya kuinua pato la shambani huweza kuongeza idadi ya wasio na kazi mjini badala ya kuipunguza. Mama wa sokoni angewaambia hivyo hivyo bila ya kwenda chuo kikuu. Palipo na mtama ndipo ndege hutua.

La tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa chama. Upande wetu ulilipa papo hapo na ulilipa wote. Siku ya sahihi, silaha yetu ilikwisha kuwekwa chini. Waajiri na serikali walikuwa na mwaka mzima wa kulipa, tena walilipa kwa hesabu walizozitunza wao wenyewe. Na tazameni mambo yaliyofuata. Mwaka 1964 ilianzishwa Mahakama ya Viwanda. Mwaka 1965 ikaja Sheria ya Migogoro ya Kazi, ambayo ilifanya mgomo kuwa jambo la kuombewa ruhusa kupitia milango mingi. Mwaka 1973 ikaja miongozo ya serikali ya kuzuia nyongeza za mishahara mbele ya Mahakama hiyo. Haki tuliyoiazimisha kwa miezi 12 haikurudi yote.

Mwaka 1970 mapatano ya namna hiyo yalifanywa tena. Mara hii serikali na waajiri wote waliahidi asilimia 10, na sisi tukaahidi tena kunyamaza. Walijiandikisha watu zaidi ya robo milioni. Mambo yakaenda vile vile. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, serikali ilipoyaita majopo ya Shirika la Kazi la Ulimwengu, ILO, kuchunguza ukosefu wa kazi, waliandika neno ambalo bado ni kweli: kwamba taabu ya Kenya si ya wale wasio na kazi peke yao, bali pia ya wale wanaofanya kazi kutwa na bado ni maskini. Walimtaja fundi wa bati, mshona viatu, na muuza mboga, ambaye askari wa jiji alikuwa akimfukuza badala ya kumsaidia. Leo tunawaita watu hao jua kali, na kati ya kila watu kumi wanaohesabiwa kuwa na kazi nje ya mashamba madogo, zaidi ya wanane ni wao.

AHADI YA 1965

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ule unaohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi wa Kenya. Watu wengi huutaja, wachache wameusoma. Ndani yake serikali ilitaja miongoni mwa makusudi yake matibabu, elimu ya msingi kwa wote, malipo kwa wazee na wasiojiweza, na malipo kwa wasio na kazi. Naam, kwa wasio na kazi. Lakini waraka ule ukaendelea kusema kwamba kuyafanya hayo yote kwa mara moja kungeifilisi nchi, hivyo uchumi ukue kwanza.

Neno hilo halikuwa la kipumbavu. Nchi ilikuwa changa, na hazina ilikuwa ndogo. Lakini neno "kwanza" lina taabu yake: halina tarehe. Sasa imepita miaka zaidi ya sitini. Uchumi umekua mara nyingi kuliko ulivyokuwa, na hadi leo Kenya haina malipo wala bima ya mtu aliyepoteza kazi. Waswahili husema ahadi ni deni. Hili ni deni, na waliokopesha ni baba zetu.

Kilichopatikana wakati ule kilitoka katika mishahara yetu. Hazina ya NSSF ilianzishwa kwa sheria ya 1965, mfanya kazi akatoa na mwajiri akatoa. Bima ya hospitali, NHIF, ilianzishwa 1966. Vyote viwili vilikuwa vitu vyema, na chama kiliviunga mkono. Lakini vilimfaa mwenye karatasi ya mshahara. Kibarua wa siku moja moja hakuwamo. Na yule aliyepoteza kazi akiwa na miaka 35 aliambiwa angoje uzee.

MIAKA YA KUPUNGUZA

Katika miaka ya 1980 na 1990 upepo ukageuka. Wakopeshaji wa ng'ambo waliishurutisha serikali ipunguze matumizi na ifungue milango ya biashara. Mwisho wa 1989 wagonjwa walianza kulipia matibabu katika hospitali za serikali. Kuanzia 1993 watumishi wa serikali walianza kupunguzwa, na mwaka 2000 wakapunguzwa tena. Milango ilipofunguliwa, mitumba iliingia kwa wingi, na viwanda vya nguo ambavyo vilikuwa na maelfu ya watu, kama KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vilifungwa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ikafufuliwa, lakini wafanya kazi wa zamani walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Mnakumbuka jinsi watu wale walivyotoka. Walipewa kiinua mgongo, wakaambiwa waende wakafanye biashara. Mtu aliyekuwa karani kwa miaka ishirini akafungua duka la rejareja katika soko ambalo wenzake kumi walikuwa wamefungua maduka ya namna ile ile mwezi ule ule. Fedha ikaisha. Hapo ndipo tuliona wazi maana ya kukosa bima ya kazi. Ingekuwapo, mtu angepata kidogo kila mwezi huku akitafuta kazi au akijifunza ufundi mwingine.

HALI YA LEO

Sasa tuitazame karatasi ya mshahara. Kodi ya mapato imo. NSSF, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 200 kwa mwezi, kuanzia 2023 inakatwa kwa asilimia 6 ya mshahara kwa kadiri ya kipimo cha sheria, na mwajiri hutoa sawa na hiyo. Oktoba 2024 NHIF iliondolewa, na mahali pake ikaja bima mpya ya asilimia 2.75 ya mshahara wote, ambayo mwajiri haichangii. Yapo na makato ya nyumba, asilimia 1.5 kwetu na asilimia 1.5 kwa mwajiri, ambayo Mahakama Kuu iliyakataa Novemba 2023, kisha yakarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024. Tuliambiwa kwamba nyumba hizo zitawapa vijana kazi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo vijana wenyewe walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, na mswada ukaondolewa.

Upande wa matumizi, Inua Jamii humlipa mzee aliyetimiza miaka 70, na watu wengine wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukigawanya, haifiki shilingi 70 kwa siku. Hata hivyo msiidharau fedha hiyo. Shilingi ya mzee hailali benki. Siku ile ile huenda kwa mwenye posho mill, kwa muuza sukuma wiki, kwa mwenye duka la chumvi. Fedha ya kumtunza maskini ni soko kwa mwenye kazi. Wanaosema kwamba ni fedha ya kutupwa hawajasimama katika soko la kijijini siku ya malipo, wala siku ambazo malipo yamechelewa.

Kwa kijana mwenye nguvu asiye na kazi, kilichopatikana ni miradi ya muda. Mwaka 2009 ilikuwa Kazi kwa Vijana. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilikuwa Kazi Mtaani. Mitaro ikazibuliwa, njia zikafagiliwa, watu wakala. Miradi ikaisha, na kijana akabaki na reki mkononi.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Hapo ndipo tunapoulizwa swali hili, na ni haki tuulizwe. Deni la taifa lilipita shilingi trilioni 10 mwaka 2023, na sehemu kubwa ya kodi huenda kulilipa. Chama kinachodai bila kuhesabu ni kama mtu anayelilia maziwa kwa ng'ombe asiyelishwa. Basi tuhesabu.

Chukueni wafanya kazi kumi, kila mmoja mshahara wake shilingi 30,000. Asilimia 1 ni shilingi 300, na mwajiri akitoa 300, ni shilingi 600 kwa mwezi, 7,200 kwa mwaka. Katika miaka mitano kila mmoja amewekewa shilingi 36,000, na wote kumi shilingi 360,000. Wawili wakipoteza kazi katika muda huo, inaweza kupatikana shilingi 180,000 kwa kila mmoja wao, yaani mshahara wa miezi sita. Hiyo ndiyo bima: wengi huweka, wachache wapatwao na msiba huchukua. Haina uchawi. Afrika Kusini wanayo, na mchango wao ni huo huo wa asilimia 1 kwa mfanya kazi na 1 kwa mwajiri.

Lakini sisemi tuongezewe kato jingine juu ya haya tuliyo nayo. Mkono umekwisha kukamuliwa. Ninalowaletea mlijadili ni hili: kwamba katika ile asilimia 1.5 ya nyumba, ya kwetu na ya mwajiri, asilimia 1 igeuzwe kwa sheria kuwa bima ya kazi. Najua wako hapa ndugu wa mjengo ambao nyumba hizo zimewapa kazi, nao watasema kwamba nataka kuwatoa kibaruani. Neno lao lina uzito, nalo lisikizwe. Jibu langu ni kwamba kazi ya mjengo huisha paa likipanda, na fundi wa mjengo ndiye atakayeihitaji bima hiyo mapema kuliko sisi wote. Lakini wajumbe ndio wataamua, si mimi.

TUSHIKE MAMBO HAYA

Kwanza, tusikubali tena kuweka chini haki yetu ya kudai na kugoma, ambayo sasa imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, kwa kubadilishana na idadi iliyoahidiwa kwa mdomo. Likija pendekezo la namna ya 1964, tudai daftari la wazi linaloonyesha watu walioandikwa, kampuni kwa kampuni, nalo likaguliwe na chama kila miezi mitatu. Upande mmoja ukikosa kulipa, mwingine nao uwe huru siku hiyo hiyo.

Pili, serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote. Sare za askari, madawati ya shule, vitanda vya hospitali, vyote hununuliwa kwa kodi yetu. Vikinunuliwa kwa mafundi wa hapa na vikilipwa kwa wakati, tajiri ataandika watu bila ya kuamriwa, kwa kuwa kazi ipo. Na fundi wa jua kali anayekaa mwaka mzima akidai fedha zake kwa serikali hawezi kuongeza mtu.

Tatu, mkulima. Tumeona kwamba kazi ya mjini peke yake haitoshi. Bei nzuri ya majani ya chai, ya maziwa na ya miwa, ikilipwa kwa wakati, humfanya kijana akae nyumbani kwa hiari yake.

Nne, jambo ambalo halingoji Bunge. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ni mtu wa mkataba wa mwezi. Na kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, tena alipe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Ni matawi mangapi yaliyohesabu vibarua wao mwaka huu? Mtu aliye kibarua kwa miaka minane kwenye lango lile lile ni nusu asiye na kazi. Kumtia katika daftari la mwezi ni kupunguza ukosefu wa kazi, na kazi hiyo ni yetu.

Tano, Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaiamuru serikali imsaidie asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Ahadi ya 1965 ilikuwa katika waraka. Hii imo katika sheria kuu ya nchi. Tuidai kwa jina lake.

Ndugu zangu, wafanya kazi wa 1964 hawakuwa wajinga. Walitoa sadaka kwa moyo safi, kwa ajili ya nchi mpya na kwa ajili ya ndugu zao waliokuwa wamesimama katika milolongo ile. Moyo ule tuushike, kwa sababu chama kisichomjali asiye na kazi kitavunjwa na njaa yake huyo huyo, siku ambayo tajiri atamwita langoni achukue nafasi ya mgomaji. Moyo tuushike, na hesabu tuzishike pia.

Kila mjumbe arudi tawini na mambo mawili: jina la kila kibarua aliyepita miezi mitatu, na jibu la wanachama juu ya asilimia ile moja. Tuyalete katika mkutano ujao, tuyapige kura.

Umoja ni nguvu.